Zafarani ya Leeuwenhoek, Muuza Nguo wa Delft

Nilipokuwa mtoto chuoni, kazi yangu moja ilikuwa kumrowekea mwalimu zafarani. Nyuzi chache tu ndani ya marashi, zikikaa mpaka zimetoa rangi, naye akachovya kalamu ya utete na kumwandikia mgonjwa kombe kwenye sahani nyeupe. Sikudhani hata siku moja kwamba ningekuja kusoma habari za zafarani hiyo hiyo imetiwa katika nyama ya ng'ombe, si ya biriani, bali ya kutazamwa.

Aliyefanya hivyo ni Mholanzi, Antonie van Leeuwenhoek, mzaliwa wa Delft, mwaka 1632. Babake alikuwa msusi wa vikapu, akafariki mwanawe angali mdogo. Kijana alipofika miaka 16 alipelekwa Amsterdam kujifunza biashara ya nguo. 1654 akarudi kwao, akaoa, akafungua duka. Kilatini hakukijua, na zama hizo Ulaya asiyejua Kilatini hakuhesabiwa miongoni mwa wanazuoni.

Wauza nguo walikuwa na kioo cha kukuzia, cha kukagulia nyuzi, na yaelekea mapenzi yake yalianzia hapo. Akawa anajitengenezea hadubini mwenyewe: kibati kidogo cha shaba au fedha chenye lenzi moja ndogo mno. Bora katika zilizosalia hukuza kitu mara 270 hivi. Mwaka 1673 akaanza kuiandikia Royal Society ya London, kwa Kiholanzi chake cha dukani, wengine wakamfasiria. Siku moja aliroweka pilipili manga apate kujua ukali wake watoka wapi. Akaona majini viumbe hai visivyoonekana kwa jicho. Alipoeleza habari hizo mwaka 1676 wengi hawakumsadiki. Ikambidi apeleke mashahidi, mpaka Robert Hooke naye akaviona mwaka 1677. Mwaka 1680 wakamfanya mwenzao.

Lakini iliyoniteka mimi ni barua yake ya mwaka 1714, naye amekwisha kupita miaka 80. Alikuwa akichunguza nyuzi za musuli. Alikata vipande vyembamba mno, na hapo ndipo penye shida, kwani nyama nyembamba hivyo hupitisha mwanga wote, haina rangi, jicho halina pa kushika. Basi akaroweka zafarani katika brandi (mwalimu wangu angalivuta istighfari) akavilowesha vipande vyake, na nyuzi zikajitokeza wazi. Ni akili ya muuza nguo hiyo.

Ninalomlaumu ni usiri. Wageni walimjia, hata Mfalme Peter wa Urusi mwaka 1698, lakini hadubini zake zilizo bora hakumwonyesha mtu, wala hakufundisha jinsi alivyozifanya. Alifariki Agosti 1723, akiwa na miaka 90, na ufundi ukaenda naye. Ajabu ni kwamba mwaka 2021 watafiti wa Uholanzi waliichungulia lenzi yake moja bila kuifungua, wakakuta imefanywa kwa njia ambayo Hooke alikuwa amekwisha kuichapisha zamani zile zile!

Na zafarani yake ikalala zaidi ya miaka 100. Ni katika karne ya 19 ndipo wataalamu walipoanza kwa bidii kutia tishu rangi. Mjerumani Waldeyer, mwaka 1863, alijaribu rangi ya moyo wa mti utokao pande za Mexico, ambao majahazi ya Wazungu yalikuwa yakiubeba kwa ajili ya kutia nguo rangi. Haikushika vizuri. Mwaka 1865 Böhmer akaichanganya na shabu, hii hii ya vinyozi, ikashika barabara. Ndiyo hematoksilini, nayo haijastaafu: daktari akikata kipande cha uvimbe kujua kama ni saratani, mara nyingi hutiwa rangi hiyo, viini vya seli vikageuka samawati. Siku hizi wako hata wanaojaribu hina na rosela kwa kazi hiyo.

Nami nimewahi kungojea majibu ya kipande kama hicho, cha mtu wa nyumbani mwangu. Niliketi barazani siku nyingi nikivuta tasbihi, nisijue kwamba huko maabara kuna maji ya mti na shabu vinafanya kazi. Majibu yalikuja ya heri, alhamdulillahi.