Maisha ya Samuel Coleridge-Taylor, Mpiga Fidla

Sisi tukaao pwani hii ya Ziwani na Mikindani, hata penye mlango wa mto Ruvuma, twaijua sauti ya fidla, maana ndiyo isikiwayo pamoja na udi na kanuni katika taarabu ya Unguja. Ni chombo kidogo cha mti, chenye nyuzi nne, nacho hupigwa kwa upinde uliotiwa singa za mkia wa farasi, kama vile Wagogo walipigavyo zeze lao kwa upinde. Kuisikiliza ni kutamu, lakini kujifunza kwake ni kugumu. Basi nataka kuwasimulia habari za mtu mmoja, mwana wa Mwafrika, aliyeanza kujifunza fidla tangu utoto, asiiache moyoni mwake mpaka siku ya kufa.

Samuel Coleridge-Taylor alizaliwa London tarehe 15 Agosti 1875. Baba yake alikuwa Daniel Peter Hughes Taylor, mtu wa Sierra Leone, aliyekwenda Uingereza kusomea udaktari. Baba huyo alirudi Afrika, wala mwanawe hakupata kulelewa naye. Mama yake, Alice, Mwingereza, alimlea Croydon, mji uliokuwa karibu na London wakati ule, katika nyumba ya mzee Benjamin Holmans, ambaye kazi yake ilikuwa kuwapigilia farasi viatu vya chuma. Hawakuwa watu wenye mali. Lakini mzee huyo alijua kupiga fidla kidogo, akampa mtoto fidla ndogo inayofaa mikono yake, akamwonyesha mambo ya kwanza.

Mwanafunzi wa fidla ana kazi ya namna ya peke yake. Kinanda kina vibao, na kila kibao kina sauti yake tayari. Hata mtoto akikibonyeza, sauti hutoka ilivyo. Bali fidla haina alama yo yote shingoni mwake. Kidole kikisogea kidogo tu, sauti huharibika, na sikio la mwanafunzi ndilo liwe mwamuzi. Tena upinde ukikandamizwa mno, waya hulia kama mlango wenye kutu. Ukilegezwa mno, sauti hufifia. Kwa hiyo wengi huanza kwa furaha, kisha huacha kabla ya kusikia sauti moja iliyo safi. Mtoto Samuel hakuacha.

Siku moja Joseph Beckwith, mwalimu wa muziki katika mji ule, alichungulia dirishani, akamwona mtoto mweusi akicheza gololi njiani na wenzake, na mkono mmoja ameshika fidla yake. Akastaajabu, akamwita ndani, akamwekea karatasi ya muziki. Mtoto akaipiga kwa mwendo ulio sawa na sauti zilizo sawa. Tangu siku ile Beckwith akawa mwalimu wake, akamfundisha kwa muda wa miaka kama saba. Angaliweza kufunga dirisha akaendelea na shughuli zake. Lakini alimwita, na kwa kumwita aliyageuza maisha ya mtoto yule.

Msaada mwingine aliupata kanisani. Aliimba katika kwaya ya kanisa la Presbyterian la St George's, na mwimbishaji wake, Kanali Herbert Walters, akaona kwamba kipawa hiki kingepotea kama kingeachwa bila mafunzo. Akamwombea nafasi katika Chuo cha Kifalme cha Muziki cha London. Husimuliwa kwamba mkuu wa chuo, Sir George Grove, alisita kwanza kwa sababu ya rangi ya kijana, kisha akamkubali. Mwaka 1890, akiwa na umri wa miaka 15, akaingia chuoni kujifunza fidla.

Hata alipokuwa huko, walimu wakatambua ya kuwa ana nguvu nyingine, yaani kutunga. Akawekwa chini ya Charles Villiers Stanford, mwalimu wa utungaji. Lakini fidla hakuitupa: baada ya masomo aliwafundisha wengine mjini Croydon, akaongoza makundi ya wapigaji.

Tarehe 11 Novemba 1898 utungo wake uitwao Karamu ya Arusi ya Hiawatha uliimbwa kwanza katika chuo kile kile, naye alikuwa kijana wa miaka 23. Ukapendwa mno, ukaimbwa na kwaya nyingi za Uingereza na Marekani, na nakala zake zikauzwa kwa maelfu mengi. Lakini mtungaji alikuwa ameuuza moja kwa moja kwa paundi 15 na shilingi 15, wala hakupata sehemu katika faida ile kubwa. Ikambidi afundishe, ahukumu mashindano, asafiri huko na huko, ili apate riziki ya mke wake Jessie na watoto wao wawili.

Dharau kwa ajili ya rangi yake aliionja tangu shuleni. Hata hivyo hakuona haya kwa asili ya baba yake. Mwaka 1900 alikuwa miongoni mwa wajumbe wa mkutano wa watu wa asili ya Afrika uliofanyika London. Mwaka 1904 aliitwa Washington na chama cha waimbaji weusi kilichoitwa kwa jina lake, akaongoza kazi zake mwenyewe, na Rais Theodore Roosevelt akampokea. Mwaka 1905 alitoa kitabu cha nyimbo 24 za asili ya Waafrika na Wamarekani weusi, alizozitengeneza kwa kinanda.

Mwishoni alikirudia chombo cha utoto wake. Alitunga kazi kubwa ya fidla pamoja na okestra, kwa ajili ya Maud Powell, bibi mpiga fidla wa Marekani. Alipoimaliza hakuridhika nayo. Akaiweka kando, akaanza upya kama mwanafunzi. Kazi hiyo ya pili ilipigwa Marekani mwezi wa Juni 1912. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule alianguka katika stesheni ya Croydon Magharibi, amechoka kwa kazi, akashikwa na ugonjwa wa mapafu. Alikufa tarehe 1 Septemba 1912, ana umri wa miaka 37. Husimuliwa ya kuwa kitandani mikono yake ilikuwa ikiongoza muziki ambao wengine hawakuusikia.

Basi, ndugu walimu na waongozi wa kwaya, haba na haba hujaza kibaba. Kabla ya karamu ile ya Hiawatha palikuwa na mzee fundi wa farasi aliyetoa fidla ndogo, na mwalimu aliyechungulia dirishani, na mwimbishaji aliyekwenda kumwombea mtoto wa watu mlangoni pa chuo. Hakuna hata mmoja wao aliyejua mwisho utakuwaje. Nasi tuna watoto wachezao njiani mbele ya nyumba zetu, na baadhi yao wameshika kitu mkononi. Tuwaangalie vema, na mmoja akianza kujifunza, tumvumilie sauti zake mbaya za mwanzo, maana sauti nzuri hutoka katika hizo hizo.