Francis Thomas Bacon: Mhandisi aliyeipa nikeli kazi ya platini

Huko Ggaba, viungani mwa jiji la Kampala, mitambo husukuma maji ya Ziwa Victoria kuyapeleka mjini, na kazi hiyo hula umeme usiku na mchana. Seli ya hidrojeni hufanya kinyume chake: huzalisha umeme, na kinachosalia ni maji. Aliyeitoa seli hiyo katika meza ya maabara na kuifanya mtambo wa kazi ni mhandisi Mwingereza Francis Thomas Bacon, aliyefariki dunia Mei 24, 1992, akiwa na umri wa miaka 87.

Bacon alizaliwa Desemba 21, 1904, karibu na Billericay, Essex. Baada ya kuhitimu uhandisi Cambridge, mwaka 1925 alijiunga na kampuni ya C. A. Parsons ya Newcastle, iliyotengeneza turbini za mvuke. Mwaka 1932 alisoma makala kuhusu kuhifadhi nishati kwa njia ya hidrojeni, na tangu siku hiyo wazo hilo halikumtoka.

Karibu karne moja kabla yake, William Grove wa Wales alikuwa amekutanisha hidrojeni na oksijeni na kupata umeme. Lakini seli ya Grove ilitumia asidi, ambayo huzila metali za bei nafuu, hivyo kichocheo kilichofaa kilikuwa platini, metali ghali mno. Bacon aliiacha asidi na kuchukua hidroksidi ya potasiamu, ambamo nikeli hudumu. Kwa kuwa nikeli ni nzito kuchangamka katika joto la kawaida, aliipasha seli hadi takriban nyuzi joto 200, akaongeza shinikizo ili maji yasichemke.

Majaribio ya kwanza aliyafanya kwa siri kazini. Waajiri wake walipogundua, walimtaka achague: aache majaribio au aache kazi. Akaacha kazi. Mhandisi Charles Merz alikubali kugharimia utafiti wake katika Chuo cha King's, London, lakini Oktoba 1940 Merz aliuawa na bomu la Wajerumani nyumbani kwake, pamoja na watoto wake wawili. Vita vikamhamishia Bacon kwenye kazi ya vifaa vya kutambua nyambizi.

Alirejea kwenye seli yake mwaka 1946, Cambridge. Elektrodi ya upande wa oksijeni ilikuwa ikiliwa na kutu, hadi alipoikinga kwa kuichanganya na lithiamu. Mwaka 1959 alionesha hadharani mtambo wa seli 40 ulioendesha mashine ya kuchomelea vyuma, msumeno na gari la kunyanyulia mizigo.

Hata hivyo, viwanda vya Uingereza havikuchangamkia. Ni kampuni ya Marekani, Pratt & Whitney, iliyochukua hataza zake na kuzitumia kuunda seli za vyombo vya Apollo. Huko angani seli hizo ziliwapa wanaanga umeme na maji ya kunywa. Uzito wake ulionekana Aprili 1970, tangi la oksijeni la Apollo 13 lilipolipuka: seli zilikosa oksijeni, zikazimika, na safari ya kutua mwezini ikavunjwa.

Bacon alikuwa ameota magari na nyambizi, si mwezi. Seli yake ilidai gesi safi, kwani kaboni dioksidi iliyomo hewani huiharibu hidroksidi, na udhaifu huo uliizuia kuenea barabarani.

Kanuni yake, hata hivyo, ingali hai. Mitambo inayopasua maji kwa umeme ili kupata hidrojeni, kinyume cha seli ya Bacon, hutumia hidroksidi na elektrodi za nikeli hadi leo. Afrika Mashariki ina akiba ya metali hiyo huko Kabanga, wilayani Ngara, Tanzania, na ina umeme wa maporomoko ya Nile huko Jinja, Uganda. Kilichomgharimu Bacon ajira yake ni malighafi iliyo jirani na ziwa lilelile linaloinywesha Kampala kupitia Ggaba.