Rubani wa Bibi Wilson

Muhula uliopita niliabiri basi pamoja na wanafunzi wangu, tukashika Barabara ya Lang'ata. Tulipofika mkabala wa Uwanja wa Ndege wa Wilson, kijana mmoja aliniuliza huyo Wilson alikuwa nani. Kabla sijafungua kinywa, mwenzake alikwisha kumjibu kwamba bila shaka alikuwa gavana. Nilipowaambia kuwa Wilson alikuwa mwanamke, mjane aitwaye Florence Kerr Wilson, basi zima liliangua kicheko wakidhani nafanya mzaha. Ndipo msichana aliyeketi nyuma akauliza swali lililonipendeza zaidi: ikiwa kampuni ilikuwa ya mjane huyo, je, ndege alizirusha nani?

Alizirusha Tom Campbell Black. Jina lake halimo katika kibao chochote nilichopata kukiona pale.

Alizaliwa Brighton, pwani ya kusini ya Uingereza, Desemba 1899. Vita Vikuu vya Kwanza vilimkuta kijana mbichi, naye akaingia katika kikosi cha anga cha Jeshi la Wanamaji. Mwezi wa Aprili 1918 kikosi hicho kiliunganishwa na kile cha jeshi la nchi kavu, likazaliwa Jeshi la Wanahewa la Uingereza, akaendelea humo. Vita vilipokoma alikuwa hajatimiza miaka 20, na kazi aliyofunzwa ilikuwa na waajiri wachache mno wakati wa amani.

Basi akaja Kenya, akalima kahawa Rongai na kushughulika na farasi. Hapa sina budi kulitaja jambo ambalo wanaomsifu hupenda kuliruka. Zao hilo alilolima ni zao ambalo Mwafrika wa Kenya alizuiwa kulipanda hadi miaka ya 1930, na ardhi yenyewe ilikuwa imetengewa walowezi. Mwalimu anayemsimulia Campbell Black bila ya kulisema hilo huwa amewapa wanafunzi wake nusu ya habari.

Hata hivyo mkulima huyu moyo wake haukuwa shambani. Beryl Markham, aliyekulia papa hapa Kenya, alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1942 jinsi alivyomkuta njiani karibu na Molo akihangaika na gari lililoharibika, na jinsi mazungumzo yao yalivyogeukia mambo ya ndege. Baadaye Campbell Black ndiye aliyemfundisha kuruka.

Mwaka 1929 mjane na rubani wakashirikiana. Bibi Wilson alikuwa na fedha. Campbell Black alikuwa na ujuzi. Walianza na ndege moja tu aina ya Gipsy Moth, kidude cha mbao na kitambaa chenye viti viwili visivyo na paa. Ukweli ni kwamba biashara hiyo haikutofautiana sana na ya mtu anayenunua matatu moja na kuomba isimharibikie kabla ya kupata ya pili. Wateja walikuwa maafisa wa serikali, walowezi na wawindaji matajiri, watu waliochoshwa na barabara ambazo mvua ikinyesha huwa matope matupu. Campbell Black alikuwa meneja na rubani mkuu kwa pamoja. Ndege zikaongezeka, na kampuni ikaja kubeba barua na abiria mpaka Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam.

Mwaka 1931 rubani mashuhuri wa Kijerumani, Ernst Udet, alipotea na ndege yake katika vinamasi vya Mto Naili huko Sudan ya kusini. Vitani Udet alikuwa ameangusha ndege 62 za upande wa pili, ule ule aliopigania Campbell Black. Huyu hakuhesabu hayo. Alikwenda kumtafuta, akampata na kumwokoa.

Mwaka uliofuata aliiacha kampuni, akawa rubani binafsi wa tajiri wa Kiingereza, Lord Furness. Mimi huona alifanya haraka, maana biashara ilikuwa ndiyo kwanza inashika mizizi. Bibi Wilson hakuondoka. Aliiendesha mpaka mwaka 1939, vita vilipozuka na ndege zake zikachukuliwa na serikali. Uwanja ulipewa jina lake mwaka 1962, na kwa maoni yangu ulimstahili.

Sifa za Campbell Black zilipatikana kwingine. Oktoba 1934, yeye na C.W.A. Scott walishiriki mashindano ya ndege kutoka Mildenhall, Uingereza, hadi Melbourne, Australia, wakiwa katika ndege nyekundu ya injini mbili aina ya Comet. Walipita Baghdad, Allahabad na Singapore. Juu ya bahari wakielekea Darwin injini moja ikaleta matata, nao wakaendelea vivyo hivyo. Walifika wa kwanza kwa saa 71, safari ambayo kwa meli ilichukua majuma kadhaa. Ndege hiyo imehifadhiwa mpaka leo kule Old Warden, Uingereza.

Mapema Septemba 1936, mwanafunzi wake Markham alivuka Bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Kanada. Mwalimu naye alikuwa akijiandaa kwa mashindano ya Portsmouth hadi Johannesburg. Tarehe 19 ya mwezi huo huo alikuwa katika uwanja wa Speke, Liverpool, akiiendesha ndege yake mpya polepole ardhini, tayari kuruka. Ndege ya kijeshi iliyokuwa ikitua haikumwona. Rafadha yake ilimkata pale alipoketi, akafariki akiwa na umri wa miaka 36.

Siku kumi baadaye mashindano yalianza bila yeye. Ndege tisa ziliondoka Portsmouth, na moja tu ndiyo iliyofika Johannesburg. Mmoja wa marubani wake wawili alikuwa Scott.