Ronald Ngala, mwalimu wa Kigiriama aliyepigania majimbo

Wasikilizaji wetu wengi wa Arash wana ndugu upande wa pili wa mpaka. Ng'ombe huvuka, harusi huvuka, na siasa nazo huvuka. Ndiyo maana kila uchaguzi wa Kenya unapokaribia tunaulizwa swali lile lile: kwa nini ndugu zetu wa Narok wanachagua gavana na seneta wao, wakati huku mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya wanateuliwa na Rais? Jibu lake linaanzia mbali, Pwani ya Kenya, kwa mwalimu mmoja wa shule ambaye vijana wengi wa sasa hawajui hata jina lake.

Kwanza tusafishe neno. Kwetu Tanzania jimbo ni eneo linalomchagua mbunge. Wazee wanakumbuka maana nyingine ya wakati wa Mwingereza, tulipokuwa ndani ya Jimbo la Kaskazini pamoja na Moshi, Arusha na Mbulu. Kenya ina maana ya tatu. Majimbo ya kule ni mpango wa kuigawa nchi katika sehemu zenye serikali na baraza lake kila moja, huku nchi ikibaki moja. Mtu aliyelibeba neno hilo begani ni Ronald Gideon Ngala.

Alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 katika nchi ya Wagiriama, nyuma ya pwani ya Kilifi. Wagiriama walikuwa bado na kidonda kibichi. Mwaka 1914 Waingereza waliwapiga vita, wakalipua kwa baruti kaya yao takatifu, na kuwafukuza kutoka ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki. Mama aliyewaongoza kukataa, Mekatilili wa Menza, alipelekwa kifungoni mbali na kwao. Wamaasai wanaweza kulielewa jambo hilo bila kufafanuliwa, kwa sababu mikataba ya 1904 na 1911 iliwaondoa katika malisho yao ya Kenya kwa namna yake. Mtoto aliyekulia katika habari kama hizo hujifunza mapema kwamba watu wachache wanaweza kuamuliwa mambo yao na watu wa mbali.

Ngala alisoma Kaloleni, kisha Shimo la Tewa, kisha Alliance kule Kikuyu, akamalizia Makerere nchini Uganda kwa masomo ya ualimu. Akafundisha. Mwaka 1949 kilitoka kitabu chake kwa Kiswahili, Nchi na Desturi za Wagiriama. Tunakitaja kwa sababu kinaonyesha mtu aliyekuwa nani kabla ya siasa: mwalimu aliyeona kwamba mila za watu wake zinastahili kuandikwa.

Siasa ilimchukua mwaka 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Upigaji kura wa siku hizo ulikuwa wa ajabu. Si kila mtu mzima aliandikishwa. Ulihitaji elimu, au kipato, au mali, au utumishi wa miaka mingi, na aliyekuwa na sifa zaidi ya moja aliongezewa kura, hadi kura tatu kwa mtu mmoja. Kwa hiyo mwalimu mwenye mshahara na mifugo alikuwa na sauti kubwa kuliko jirani yake, na jirani wa tatu hakuwa na sauti kabisa. Huku Tanganyika mwaka uliofuata tulikuwa na kura tatu za aina nyingine: kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mzungu na Mwasia, la sivyo kura yake iliharibika. Serikali ya kikoloni ilikuwa na njia nyingi za kuhesabu watu bila kuwahesabu sawa.

Ngala alishinda kiti cha Pwani. Waafrika waliochaguliwa walikuwa wanane tu, wakati Wazungu waliochaguliwa walikuwa 14, ingawa Wazungu walikuwa kikundi kidogo sana nchini. Miongoni mwa wale wanane walikuwamo Tom Mboya, Oginga Odinga, Masinde Muliro na kijana wa Bonde la Ufa aitwaye Daniel arap Moi. Wote walidai kitu kimoja, mtu mmoja kura moja. Mboya na Odinga walikuwa wakishindana, na Ngala alikuwa mpole, hana makuu. Wenzake wakamfanya kiongozi wa ujumbe wao kwenye mkutano wa katiba uliofanyika Lancaster House, London, mwanzoni mwa 1960. Walirudi na ahadi ya Baraza lenye Waafrika wengi.

Ushindi ukaleta hofu mpya. Kila mtu akipata kura moja, makabila makubwa ndiyo yenye kura nyingi. Chama cha KANU kilipoanzishwa mwaka huo, nguvu yake ilikuwa kwa Wakikuyu na Waluo. Ngala alichaguliwa kuwa mweka hazina na Moi msaidizi wake, wote wawili bila kuwapo. Hawakuzikubali nafasi hizo. Mwezi Juni 1960 vyama vya Wakalenjin, vya Wapwani, vya Waluhya wa Muliro, pamoja na Maasai United Front, vilikutana Ngong, ndani ya nchi ya Wamaasai, vikaunda KADU. Ngala akawa rais wake. Mweka hazina alikuwa Mmaasai, Justus ole Tipis.

Mfugaji wa Narok alikuwa akiogopa nini? Ardhi. Walowezi wa Kizungu walikuwa wakijiandaa kuondoka, na swali la nani atakaa mahali pao lilikuwa limening'inia juu ya kila boma. Ikiwa serikali ya Nairobi ndiyo itakayogawa ardhi, na Nairobi inashikwa na wenye watu wengi wasio na ardhi, basi kura moja kwa kila mtu ilikuwa inaweza kumaliza malisho kama ule mkataba wa 1911 ulivyoyamaliza. Wamaasai walipeleka ujumbe wao London mwaka 1962 kudai haki zao chini ya mikataba ile. Waingereza hawakuwarudishia ardhi.

Uchaguzi wa 1961 ulionyesha tatizo hilo kwa hesabu. KANU ilipata kura zaidi ya mara nne ya zile za KADU, lakini katika viti vya wazi ilipata 19 na KADU 11. Sababu mojawapo ni kwamba maeneo ya wafugaji yalipewa viti vyake ingawa watu wake ni wachache na wametawanyika. KANU waliona huo ni wizi wa kisheria. KADU waliona ndiyo kinga yao. Tukisema ukweli, wote wawili walikuwa na hoja, na hoja hiyo haijaisha duniani hadi leo. Katika Bunge la Ulaya, Malta yenye watu nusu milioni na ushee ina wabunge sita, na Ujerumani yenye watu zaidi ya milioni 80 ina wabunge 96. Kwa hesabu ya kichwa kwa kichwa Malta isingepata hata mmoja kamili. Nchi za Ulaya zilikubali kuhesabu hivyo kwa sababu wadogo wasingeingia katika umoja ambao wangemezwa humo.

KANU iligoma kuunda serikali hadi Jomo Kenyatta atolewe kizuizini. Ngala akakubali kuiunda, akisaidiwa na chama cha Wazungu cha Michael Blundell na wajumbe walioteuliwa na gavana. Hapa ndipo tunapomlaumu, kama walivyomlaumu wengi wakati ule. Kenyatta aliachiliwa Agosti 1961 wakati Ngala ndiye aliyeongoza shughuli za serikali, lakini doa halikutoka. Mpango wa majimbo ulipotangazwa mwaka huo, wapinzani wake walisema ni kalamu ya walowezi iliyoshikwa na mkono wa Mwafrika. Walowezi kweli waliupenda. Lakini hofu ya wafugaji na ya Wapwani ilikuwa ya kwao wenyewe, na ilikuwapo kabla ya Blundell.

Ngala alikuwa mtu wa majimbo, si wa kujitenga. Wasikilizaji wanaombwa kushika tofauti hiyo, maana wengi huichanganya. Ukanda wa Pwani wa Kenya, upana wa maili kumi, kwa sheria ulikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar, na Waingereza waliukodi tangu 1895. Uhuru ulipokaribia, wapo waliodai Mwambao uwe nchi yake au urudi kwa Sultani. Ngala alipinga. Kwa Mgiriama, kumwondoa bwana wa Nairobi na kumrudisha bwana wa Zanzibar haikuwa nafuu. Alitaka Pwani iwe jimbo ndani ya Kenya, na Oktoba 1963 Sultani aliuachia ukanda ule kwa mkataba. Kaskazini mambo yalikwenda vingine. Wasomali wa mpakani walitaka kujiunga na Somalia, wakasusia uchaguzi wa 1963, na vita vya Shifta vikafuata kwa miaka kadhaa.

Katika mkutano wa pili wa Lancaster House, mwaka 1962, Ngala alipata karibu kila alichotaka. Kenya ikapewa mikoa saba na Nairobi pembeni, kila mkoa na baraza lake. Juu yake likawekwa Baraza la Seneti la watu 41, mmoja kutoka kila wilaya, wilaya kubwa na ndogo sawa. Uswisi ilikuwa na baraza la namna hiyo tangu 1848, na kule majimbo yake yenye lugha mbalimbali yamekaa pamoja. Kenyatta na Ngala wakaingia serikali moja ya mseto, kila mmoja na wizara yake, wote wakishughulikia katiba ambayo mmoja aliitaka na mwingine aliisaini ili uhuru usichelewe.

KANU ilishinda uchaguzi wa Mei 1963, na wakati huo viongozi walikuwa wakitazama umoja mkubwa zaidi. Tarehe 5 Juni, Kenyatta, Nyerere na Obote walitangaza Nairobi kwamba watafanya shirikisho la Afrika Mashariki kabla mwaka haujaisha. Mwalimu Nyerere alikuwa amesema tangu 1960 kwamba yuko tayari uhuru wa Tanganyika usubiri ili nchi ziungane. Shirikisho halikuja. Na ndani ya Kenya yenyewe mikoa ilikuwa inakufa njaa. Serikali kuu ilichelewesha kuikabidhi fedha na idara, na baraza lisilo na fedha ni kibanda tu. Oktoba 1963, Waingereza walipokubali kulegeza katiba kabla ya uhuru wa Desemba, baadhi ya viongozi wa KADU walitishia kuigawa nchi. Vitisho vikaisha bila damu.

Ngala akawa kiongozi wa upinzani bungeni, na kila mwezi safu yake ilipungua. Wabunge walihamia upande wa serikali mmoja mmoja, kwa sababu huko ndiko barabara na shule zilikokuwa. Novemba 1964 alisimama, akakivunja chama chake, akajiunga na KANU. Tarehe 12 Desemba Kenya ikawa jamhuri na majimbo yakazikwa. Wapo waliomwita msaliti na wapo waliomwita mpenda amani. Sisi tunaona mtu aliyehesabu watu waliobaki nyuma yake akakuta hawatoshi, na hakutaka waliobaki wapigane.

Baadaye Kenyatta alimpa uwaziri. Tarehe 12 Desemba 1972, siku ya Jamhuri, gari lake lilipinduka karibu na Konza katika barabara ya Mombasa. Dereva alisema nyuki waliingia garini. Ngala alifariki hospitalini Nairobi siku ya Krismasi, akiwa na miaka 50 hivi, na Pwani wako watu ambao hawakuiamini habari ya nyuki hadi wao wenyewe wakafa.

Neno lake liliharibiwa baadaye. Miaka ya 1990, vyama vingi viliporudi Kenya, wanasiasa wa Bonde la Ufa walilitumia kuwafukuza majirani wa kabila lingine, na huko Enoosupukia, Narok, mwaka 1993, familia nyingi zilikimbia makazi yao. Kwa hiyo Wakenya walipoandika katiba mpya hawakulirudisha. Waliita kaunti. Katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni Agosti 2010 iliweka kaunti 47, ikarudisha Seneti, na jambo lililokosekana siku za Ngala ikaliandika kwa tarakimu: kaunti lazima zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa kila mwaka. Magavana wa kwanza walichaguliwa Machi 2013. Katika Seneti hiyo, Narok ina seneta mmoja wa kuchaguliwa, Kilifi mmoja, na Nairobi, pamoja na wingi wa watu wake, mmoja.