Paul Sabatier na Padre Mwenzake

Jamaa wengi wa Kibaha na Kisarawe wamekaangia mafuta magumu ya kopo wasimjue Paul Sabatier. Mfaransa huyo, aliyezaliwa Carcassonne mwaka 1854, alifundisha kemia Toulouse hata uzeeni, asikubali kuhamia Paris. Mwaka 1897 yeye na Padre Jean-Baptiste Senderens walipitisha gesi za ethilini na haidrojeni juu ya nikeli. Gesi zikaungana, nikeli isipungue. Ndipo viwanda vikajifunza kugandisha mafuta ya mimea. Lakini nikeli haichagui vema, na mafuta yaliyogandishwa nusu hudhuru moyo. Kwa hiyo wataalamu wa leo huchanganya metali na metali, kazi ikome panapotakiwa. Sabatier, aliyefariki mwaka 1941, alipewa Zawadi ya Nobel ya 1912 pamoja na Grignard. Padre aliachwa, nasi twaona hakutendewa haki.