Sinan bin Thabit: Tabibu Aliyewatahini Matabibu wa Baghdad

Katika mwaka 319 wa Hijra, sawa na mwaka 931 Miladi, mtu mmoja wa kawaida alifariki mjini Baghdad kwa kosa la tabibu aliyemtibu. Hakuwa waziri wala tajiri. Lakini habari za kifo chake zilimfikia Khalifa al-Muqtadir, naye akatoa amri ambayo tarehe haikuisahau. Alimwamuru muhtasib, yaani msimamizi wa masoko na kazi za watu, awazuie matabibu wote wasimtibu mtu yeyote mpaka watahiniwe na kupewa hati. Aliyekabidhiwa kazi ya kuwatahini ni Sinan bin Thabit bin Qurra, na huyo ndiye ninayetaka kuwasimulia wasomaji leo.

Jina lake limenijia nikiwa Langas, mtaa mkubwa ulio upande wa kusini wa mji wa Eldoret, katika njia ya Kisumu, ninakokaa kwa jamaa yangu. Jirani yetu mmoja, mama wa makamo, alikuwa akingojea kupasuliwa. Kisu hakikumtisha. Kilichomtisha ni nusukaputi, ile dawa ya kumlaza mgonjwa asisikie maumivu. Kwa kuwa huniona na vitabu, aliniuliza ni nani hasa atakayemlaza, na watu hujuaje kwamba mtu huyo anajua na kumwamsha. Swali lake ni la haki, na lina umri wa zaidi ya miaka elfu. Sinan ni miongoni mwa watu wa mwanzo kulijibu kwa niaba ya mji mzima.

Sinan alizaliwa katika nyumba ya elimu. Baba yake, Thabit bin Qurra, alitoka Harran, mji ambao leo umo katika nchi ya Uturuki, karibu na mpaka wa Syria. Alikuwa bingwa wa hesabu na falaki, na alifasiri vitabu vya Kiyunani kwa Kiarabu. Alifariki Baghdad mwaka 901. Watu wa nyumba hiyo walikuwa Masabii, si Waislamu, lakini makhalifa waliwaweka karibu kwa sababu ya ujuzi wao. Elimu haikukatika kwa Sinan. Mwanawe Ibrahim alikuwa mwanahisabati hodari, ingawa alifariki mwaka 946 kabla ya kutimiza miaka arubaini. Mwanawe mwingine, Thabit, alikuwa tabibu na mwandishi wa tarehe.

Sinan alimtumikia al-Muqtadir, aliyetawala kutoka mwaka 908 hadi 932, akawa mkuu wa matabibu wa dola. Mnamo Muharram ya mwaka 306, yaani 918 Miladi, alifungua hospitali kando ya mto Tigris kwa jina la Sayyida, mamake khalifa. Matumizi yake yalikuwa dinari 600 kila mwezi. Kisha akamshauri khalifa naye ajenge ya kwake, ikajengwa penye lango la Sham, na khalifa akawa anaitolea dinari 200 kwa mwezi kutoka mfukoni mwake.

Waziri wa zama hizo, Ali bin Isa, alikuwa mtu mwenye huruma. Mwaka mmoja maradhi yalipozidi, alimwandikia Sinan kuhusu wafungwa. Alisema kuwa hao, kwa wingi wao na ubaya wa mahali wanapolala, hawakosi kuugua, na wala hawawezi kutoka kwenda kumtafuta tabibu. Basi Sinan akawapanga matabibu wa kuingia magerezani kila siku na dawa zao. Barua nyingine ilihusu mashamba ya Iraq, yale yaliyoitwa Sawad, ambako palikuwa na vijiji visivyo na tabibu hata mmoja. Huko nako Sinan alipeleka matabibu na sanduku la dawa, wakizunguka kijiji baada ya kijiji na kukaa kila mahali kwa kadiri ya haja.

Ndipo ilipokuja ile amri ya mwaka 319. Matabibu wa pande mbili za Baghdad walimjia Sinan mmoja mmoja, na hesabu yao ikapita watu 860. Aliwauliza, akawapima, akawapa hati. Tena hakumpa kila mtu hati ya kutibu kila kitu. Kila mmoja aliruhusiwa kufanya ile kazi inayomfaa tu, wala asivuke mpaka wake. Naona hapo ndipo ulipo ubora wa mtihani wa Sinan. Si kumtenga mjuzi na mjinga peke yake, bali ni kumwonyesha hata mjuzi mahali elimu yake inapokoma.

Kasoro haikukosekana. Matabibu waliokuwa na sifa kubwa mjini, na wale waliomtumikia mtawala, walisamehewa mtihani. Mimi sioni haki katika hilo. Maradhi hayatambui umaarufu wa tabibu, na mgonjwa wa mtu mashuhuri hufa kama mgonjwa wa mtu asiyejulikana.

Katika siku hizo za mtihani kuna kisa ambacho wasimulizi hawakukiacha. Aliingia mzee mmoja mwenye haiba na mavazi mazuri. Sinan alimheshimu, akamkalisha, na watu walipomalizika akamwomba amfaidishe kwa elimu yake na amtajie mwalimu wake. Mzee akatoa katika mkono wa kanzu karatasi iliyofungwa dinari safi, akaiweka mbele ya Sinan. Akakiri kwamba kusoma na kuandika hakujui sawasawa, ila ana watoto na jamaa wanaomtegemea, na riziki yao ni kazi hiyo, akamsihi asiikate. Sinan alicheka, akamkubalia kwa sharti. Asimwendee mgonjwa kwa jambo asilolijua, wala asiamuru kutoa damu au kunywa haluli kali, isipokuwa katika maradhi mepesi. Mzee akajibu kuwa hiyo ndiyo desturi yake tangu ujana, na hajapata kuvuka sikanjabini, yaani asali na siki, na julabu, ile sharubati ya waridi. Kesho yake akaja kijana mtanashati. Sinan alipomuuliza kasoma kwa nani, alisema kasoma kwa babake, na babake ni yule mzee wa jana. Sinan akampa ruhusa ile ile, kwa sharti lile lile.

Siku za mwisho za Sinan hazikuwa nyepesi. Khalifa al-Qahir, aliyetawala kutoka mwaka 932 hadi 934, alimtaka asilimu na kumtisha mpaka akasilimu. Kisha Sinan aliogopa ukali wake, akakimbilia Khorasan, na baadaye akarudi. Khalifa ar-Radi alipofariki mwaka 940, amiri Bajkam alimwita Wasit, akamtaka amtibu mwili na tabia pia, kwa kuwa alikuwa mwepesi wa hasira. Sinan alimshauri kwamba akighadhibika asimwadhibu mtu siku hiyo, bali angoje mpaka kesho. Bajkam alibadilika, na wakati wa njaa akafungua nyumba ya kuwalisha watu huko Wasit. Sinan alifariki Baghdad mwaka 331 wa Hijra, yaani 943 Miladi, akiwa Mwislamu.

Sasa turudi kwa nusukaputi. Wengine husema Sinan alilegea kwa yule mzee. Mimi sioni hivyo, kwa sababu asali na siki hazimuui mtu. Lakini katika kazi ya kumlaza mgonjwa hakuna sikanjabini. Dawa zake huteremsha nguvu ya damu, na nyingine hulegeza misuli yote ya mwili, hata ile ya kuvuta pumzi, ikawa aliyelala anapumua kwa mkono wa mwenzake au kwa mashine. Mpira wa hewa ukikosea njia, ukaingia pa chakula badala ya mapafuni, dakika chache zinatosha kumaliza maisha. Na aliyelazwa hana ulimi wa kulalamika. Ruhusa ya huruma aliyopewa yule mzee haiwezi kutolewa hapa.

Hata hivyo, dunia ilichelewa. Etha ilionyeshwa hadharani mjini Boston, Marekani, tarehe 16 Oktoba 1846, lakini mtihani wa kwanza wa stashahada ya nusukaputi mjini London ulifanywa mwaka 1935. Karibu miaka 90 ilipita! Mwaka 1984 mabingwa wa Ulaya walianzisha mtihani wao wa nusukaputi na utunzaji wa wagonjwa mahututi, usiofungika katika nchi moja. Mtahiniwa huandika kwanza, kisha hukaa mbele ya wakubwa wake akaulizwa kwa mdomo, mfano wa mwanafunzi anayetaka ijaza kwa shehe wake. Mwaka ule ule wa 1984 Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa hapa Eldoret, na leo madaktari husomea katika mji huu. Afrika Mashariki, Kati na Kusini nayo ina chuo chake cha mabingwa wa nusukaputi. Hapa Kenya, kazi hiyo hufanywa pia na matabibu na wauguzi waliosomeshwa mahususi, kila mmoja na mpaka wake, kama Sinan alivyotaka.

Dini yetu ilikwisha kulitangulia jambo hili. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba anayejitia utabibu bila ya kujulikana kwa utabibu, dhamana ya madhara ni juu yake. Sheria ya Kenya ya mwaka 1977 nayo inamtaka kila daktari aandikishwe, na baraza lao hutoa leseni ambayo mtu yeyote anaweza kuiulizia.

Basi mgonjwa asione haya. Mwenye elimu yake hachukii kuulizwa jina, cheti na mipaka ya kazi yake. Kuuliza si ujinga, na roho ya mtu wa kawaida, kama yule wa Baghdad, ni amana ile ile mbele ya Mwenyezi Mungu.