Sandow: Baunsa aliyewafundisha watu kuanza na chuma chepesi

KILA mwaka bingwa wa Mr. Olympia anapokabidhiwa tuzo yake, anachobeba mikononi ni sanamu ya mwanaume mwenye masharubu aliyeshika chuma. Huyo ni Eugen Sandow, Mjerumani aliyefariki mwaka 1925, miaka 40 kabla ya shindano lenyewe kuanzishwa.

Wengi wanamjua kwa mwili wake uliojazia. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa ya ukocha. Sandow ndiye aliyewaaminisha watu wa kawaida, makarani na wenye maduka, kwamba namna unavyoinua chuma ina maana kuliko uzito wa chuma chenyewe.

ATTILA AMPIKA

Jina lake halisi lilikuwa Friedrich Wilhelm Müller, aliyezaliwa Aprili 2, 1867 mjini Königsberg, Prussia. Akiwa kijana aliondoka kwao kukwepa jeshi, akawa anazunguka na sarakasi, leo ana kazi, kesho hana.

Alipotua Brussels, Ubelgiji, alikutana na mtu aliyebadilisha maisha yake, Ludwig Durlacher, ambaye jukwaani aliitwa Profesa Attila. Kijana tayari alikuwa na nguvu. Alichokosa ni ufundi, na hapo ndipo kocha alipoanza naye kazi.

Mfano mzuri ni ile staili ya mkono mmoja iliyompa Sandow jina. Chuma kinafikishwa kwanza begani. Badala ya kukisukuma juu, mnyanyuaji anauinamisha mwili taratibu kuelekea upande wa pili, macho yakiwa hayatoki kwenye chuma, mpaka mkono unanyooka ukiwa chini ya mzigo. Kisha anasimama nacho.

Kwa staili hiyo Sandow aliinua zaidi ya kilo 100 kwa mkono mmoja. Nguvu peke yake haifiki huko. Ukikosea hatua moja tu, bega limeondoka au mgongo umeondoka.

USIKU WA SAMPSON

Mwaka 1889 jijini London kulikuwa na mbabe aliyejiita Sampson. Jamaa alikuwa na tambo balaa, akiahidi pauni 500 kwa yeyote atakayemshinda jukwaani. Novemba 2, Sandow alipanda kwenye ukumbi wa Royal Aquarium, akiwa bado jina geni mjini.

Sampson alikunja vyuma, Sandow naye akakunja. Sampson alikata minyororo, Sandow naye akakata. Kisha mgeni akaonyesha ya kwake, na mwenyeji akakwama. Kulipokucha, London nzima ilikuwa inamzungumzia yeye.

Miaka minne baadaye alikuwa Chicago, Marekani, chini ya promota kijana Florenz Ziegfeld. Huyu aligundua kitu haraka: watu walivutiwa zaidi na misuli kuliko na vyuma. Akamsimamisha Sandow jukwaani aonyeshe mwili, na wenye pesa wakaruhusiwa kumshika kifua. Mwaka 1894 alirekodiwa kwenye filamu katika studio ya Thomas Edison, wakati filamu zenyewe ndiyo kwanza zinaanza.

SOMO LENYEWE

Angeweza kuishia hapo, akala pesa za maonyesho. Badala yake, mwaka 1897 alifungua chuo chake cha mazoezi mtaa wa St James's, London, na mwaka huohuo akatoa kitabu cha kufundisha watu namna ya kupata nguvu.

Aliyeingia akitarajia kupewa mavyuma ya jukwaani alishangaa. Kwanza alipimwa mwili kwa utepe, kifua, mikono na mapaja, na vipimo vikaandikwa. Kisha alipewa vyuma vidogo vya mkononi ambavyo hata mtoto angeviinua.

Mazoezi yalifanywa kila siku, mbele ya kioo, taratibu, akili ikiwa kwenye msuli unaofanya kazi. Idadi iliongezwa kidogo kidogo, na uzito ulifuata baadaye, mwili ulipokuwa umezoea. Kwa Sandow, kurusharusha mikono huku mawazo yako mbali ilikuwa kupoteza muda.

Alipoona watu bado wanadanganya, akatengeneza chuma cha mkononi kilichopasuliwa katikati na kuwekwa springi. Ukilegeza mkono, vipande vinaachana. Hakuna kutegea, kwani chuma chenyewe kinakusimamia kama kocha.

SHINDANO LA ROYAL ALBERT HALL

Septemba 14, 1901 aliandaa shindano kubwa la miili katika ukumbi wa Royal Albert Hall, na ukumbi ukafurika. Mezani kwa waamuzi alikaa yeye, mchongaji sanamu Charles Lawes, na mwandishi Arthur Conan Doyle, yule aliyemtunga Sherlock Holmes, ambaye naye alikuwa muumini wa mazoezi ya Sandow.

Vigezo vilifuata falsafa ileile. Mwenye mkono mnene zaidi hakuwa na uhakika wa kushinda. Waamuzi walitazama uwiano wa mwili mzima, afya, hata hali ya ngozi. William Murray wa Nottingham akaondoka na sanamu ya dhahabu.

Mwaka 1911 Mfalme George V alimteua Sandow kuwa mwalimu wake wa mazoezi. Kwa mtoro wa jeshi kutoka Königsberg, hapo alikuwa amefika kileleni. Vita Kuu ikaharibu mambo. Asili yake ya Kijerumani ikawa mzigo, na kampuni yake ya kakao ikafilisika mwaka 1916.

KABURI LISILO NA JINA

Sandow alifariki London, Oktoba 14, 1925, akiwa na miaka 58. Stori iliyoenea ni kwamba aliumia akinyanyua gari kwa mkono mmoja kulitoa mtaroni. Ukweli wake unabishaniwa hadi leo, na kama ni kweli, basi siku hiyo mwalimu alisahau somo lake mwenyewe: alivamia uzito mkubwa kwa pupa, bila maandalizi.

Alizikwa Putney Vale, kaburi likakaa miaka mingi bila jiwe wala jina. Mwaka 2008 mmoja wa wazao wake aliweka jiwe kubwa lenye jina Sandow. Ni jiwe zito, na bila shaka waliolisimamisha walilazimika kwenda taratibu, kwa mpangilio.